Umar bin Abdul-Aziz (Rahimahu Allah): Mtawala Aliyeiogopa Adhabu Aliyoitoa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anazistahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni maswali ya adhabu. Mzazi anauliza anaruhusika kumpiga mwanawe mpaka kiasi gani. Kijana anauliza ana dhambi gani yeye aliyetupa jiwe moja tu, pale watu walipomzunguka aliyeitiwa mwizi mpaka akazimia. Mwengine anauliza vipi jamii itanyooka iwapo kila mhalifu atatafutiwa ushahidi kwanza.

Hukumu za maswali haya zimo katika vitabu vya fiqhi, na tumezieleza zaidi ya mara moja. Leo tumeona tusimulie maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wetu tunamjua kwa uadilifu wake, lakini ni wachache wanaojua uadilifu huo ulianzia wapi. Mtu huyo aliwahi kutoa adhabu isiyokuwa ya haki, aliyeadhibiwa akafa, na yeye akaishi na jambo hilo mpaka alipoingia kaburini. Baadae Allah akampa utawala wa Waislamu wote. Huyo ni Umar bin Abdul-Aziz bin Marwan (Rahimahu Allah), ambaye wanavyuoni wengi wamemhesabu kuwa ni wa tano katika Makhalifa waongofu.

Nasaba na malezi yake

Alizaliwa karibu na mwaka 61 Hijria. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa takriban miaka 20. Mama yake alikuwa Ummu Asim, binti wa Asim, mtoto wa Umar bin Al-Khattab (Radhiya Allahu anhu). Kwa hivyo Umar wetu huyu ni kitukuu, kwa upande wa mama, wa Umar bin Al-Khattab.

Wapokezi wanasimulia kuhusu bibi yake, mama wa Ummu Asim, kisa ambacho watoto wetu wanakisikia chuoni. Umar bin Al-Khattab alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke akimwamrisha binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyauza. Binti akamkumbusha mama yake kwamba Khalifa amekataza. Mama akamjibu kuwa Khalifa hawaoni. Binti akasema kwamba kama Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa anawaona. Kulipokucha Umar akatuma watu kuulizia nyumba ile, na binti yule akaolewa na mwanawe, Asim.

Tumeanza na kisa hiki kwa makusudi. Usiku ule hapakuwa na askari wala shahidi, na maziwa hayakutiwa maji. Jamii yoyote inasimama kwanza juu ya watu wa aina ya binti yule. Adhabu imewekwa kwa ajili ya pale hali hiyo inaposhindikana, na anayeitanguliza adhabu mbele ya malezi amekianza chuo kwenye juzuu ya mwisho.

Umar alipokuwa mdogo baba yake alimpeleka Madina asome, akamkabidhi kwa Salih bin Kaysan. Siku moja mtoto alichelewa Swala ya jamaa. Mwalimu akamuuliza sababu, naye akasema kuwa mtumishi wake wa kike alikuwa akimchana nywele. Salih akaona kuwa si jambo dogo nywele kutangulizwa mbele ya Swala, akamwandikia baba mtu Misri. Abdul-Aziz akamtuma mjumbe, na mjumbe huyo alipofika hakusema na mtoto neno lolote mpaka alipomnyoa kichwa.

Tazameni adhabu ile ilivyokuwa. Mtoto aliulizwa kwanza, akapewa nafasi ya kueleza. Kisha kikaondolewa kile kile kilichomchelewesha. Hakuumizwa wala hakutiwa alama, na nywele huota tena. Swala haikumpita tena kwa sababu ya nywele.

Liwali wa Madina

Mwaka 87 Hijria binamu yake, Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, alimfanya liwali wa Madina. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mali nyingi, mpenda nguo za thamani na manukato, hata mwendo wake ukajulikana na kuigwa. Lakini elimu aliipenda zaidi. Mara tu alipofika aliwaita wanavyuoni 10 wa Madina, miongoni mwao Urwah bin Zubayr, Al-Qasim bin Muhammad, Salim bin Abdullah na Sulayman bin Yasar. Akawaambia kuwa hataki kukata jambo bila ya rai yao, na kwamba yeyote kati yao akimuona mtumishi wa serikali anadhulumu, basi amfikishie habari.

Kwa ufupi, alikuwa ni mtawala mwema, msomi, aliyezungukwa na washauri wema. Tunaomba msomaji alikumbuke hili anapofika kwenye maneno yanayofuata, kwa sababu dhulma mara nyengine hutoka katika mkono wa mtu mwema.

Khubayb

Madina wakati huo kulikuwa na mchamungu mmoja akiitwa Khubayb, mtoto wa Abdullah bin Zubayr. Alisema maneno yaliyowagusa watu wa nyumba ya utawala, na habari zikamfikia Khalifa Al-Walid huko Sham. Khalifa akamwandikia liwali wake amri: Khubayb apigwe mijeledi, amwagiwe maji ya baridi siku ya baridi, kisha asimamishwe mlangoni mwa msikiti.

Umar akaitekeleza amri. Ilikuwa mwaka 93 Hijria. Khubayb hakuhimili, akafariki.

Wanahistoria wanaeleza kwamba Umar alipokuwa nyumbani akingojea habari hakuweza kutulia, akikaa anasimama, akisimama anakaa, na alipoletewa habari ya kifo alianguka chini. Aliponyanyua kichwa alimrejea Allah kwa maneno ya msiba, na athari ya siku ile haikumtoka mpaka anakufa. Miaka mingi baadae, watu walipomsifu kwa jema alilolifanya na kumbashiria kheri mbele ya Allah, alikuwa akiwauliza itakuwaje, na Khubayb amemkalia njiani.

Ndugu zetu, Umar angeweza kujitetea. Angeweza kusema kuwa ameamrishwa, na kwamba yeye ni liwali tu na mwenye amri ni Khalifa. Angeweza kusema kuwa hakukusudia kuua. Haya ndiyo maneno tunayoyasikia kila siku kwa watu wanaopiga na kutesa. Yeye hakuyasema, kwa sababu alikuwa na elimu ya kujua kwamba hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na kwamba mjeledi uliomshukia Khubayb ulitoka katika mamlaka yake yeye. Mwaka huo huo aliondoka katika uliwali wa Madina.

Muzahim na usiku wa mwisho

Kuna mtu mwengine aliyemzindua, naye ni Muzahim, aliyekuwa mtumishi wake. Umar alimfunga mtu gerezani na akapitisha kiasi cha kifungo alichostahiki. Muzahim akamuombea mtu yule aachiwe. Umar akakataa, akataka amzidishie. Hapo Muzahim akamkabili bwana wake na kumtahadharisha na usiku ambao asubuhi yake kitasimama Kiyama. Umar alikuwa akisimulia kwamba maneno yale yalikuwa kama pazia lililoondolewa mbele ya uso wake.

Mtumishi alimwambia mtawala kuwa hata mwenye kosa ana haki ya kutozidishiwa. Mtu akiwa amestahiki kifungo cha mwezi, siku ya kwanza ya mwezi wa pili ni dhulma, na mfungwa ambaye juzi alikuwa dhalimu leo amekuwa ni mwenye kudhulumiwa.

Alipopewa Ukhalifa alianza na nyumba yake

Mwezi wa Safar mwaka 99 Hijria (717 Miladia), Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alifariki Dabiq, kaskazini ya Sham, na wasia wake ulipofunguliwa na mwanachuoni Raja bin Haywah, jina lililokuwemo lilikuwa la Umar. Hakuutaka. Aliposhindwa kuukwepa, akauanza utawala kwa kujihisabu mwenyewe.

Ardhi alizozirithi na ambazo hakuwa na uhakika na njia zilizopatikana, alizirejesha. Mkewe Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik, alikuwa na kito cha thamani alichopewa na baba yake. Umar akamhiyarisha baina ya kukirejesha Baytul-Maal na kuachana naye. Fatima akamchagua mumewe. Kisha akawageukia jamaa zake wa Banu Umayyah na kuwataka warejeshe mali za watu. Waliudhika sana, wakamtuma shangazi yake aende kumsemesha. Hakurudi nyuma.

Kutokana na haya tunafahamu kwa nini watu walikubali hukumu zake. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alitufundisha kwamba waliokuwa kabla yetu waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimuadhibu, na akaapa kwamba hata binti yake angelifanya hivyo asingelisalimika. Adhabu inayowafika masikini peke yao huwafundisha watu kutafuta ukubwa ili wasiguswe.

Wala msidhani kuwa Umar aliiacha adhabu. Yazid bin Al-Muhallab alikuwa katika magavana wakubwa wa zama zile. Alikuwa amemwandikia Khalifa aliyetangulia kueleza mali nyingi ya ngawira aliyonayo, sehemu ya Baytul-Maal. Umar alipomtaka aitoe, Yazid alisema kuwa aliandika kwa kutaka sifa tu. Umar hakumkubalia. Kulikuwa na hati yake mwenyewe inayomshuhudia, na mali ile ni ya Waislamu, Khalifa hana ruhusa ya kuisamehe. Akamfunga. Ukubwa wa jina lake haukumfaa.

Barua za magavana

Sehemu kubwa ya elimu ya Umar katika mambo ya adhabu imehifadhiwa katika barua alizoandikiana na magavana wake. Tutazitaja nne kwa maana zake.

Ya kwanza ni ya Yahya Al-Ghassani, aliyepelekwa Mosul. Alipofika aliukuta mji ule umekithiri wizi na uvunjaji wa majumba. Akamwandikia Khalifa akimuuliza awakamate watu kwa kuwadhania na awapige kwa tuhuma, au awakamate kwa ushahidi na kwa mujibu wa Sunnah. Umar akamjibu awachukue kwa ushahidi na Sunnah, kwani watu wasiotengenezwa na haki, Allah asiwatengeneze. Yahya akafuata. Amesimulia mwenyewe kwamba hakutoka Mosul ila ilikuwa ni katika miji iliyotengenea zaidi na yenye wizi mchache kabisa.

Ya pili ni ya Adi bin Artah, gavana wa Basra. Alikuwa na watumishi waliokula mali ya umma, akaomba ruhusa ya kuwatesa ili waitoe. Umar alistaajabu vipi gavana anamuomba yeye ruhusa ya kuwaadhibu viumbe, kana kwamba ruhusa hiyo itakuwa ngao yake mbele ya Allah. Akamwambia kuwa aliyethibitikiwa na ushahidi achukuliwe kwa ushahidi, aliyekiri achukuliwe kwa alichokikiri, na anayekana aapishwe kwa jina la Allah kisha aachiwe. Akamalizia kwamba ni bora kwake wao wakutane na Allah na khiyana zao, kuliko yeye kukutana naye na damu zao. Anayeijua habari ya Khubayb anaelewa barua hii ilitoka wapi.

Ya tatu ni ya Al-Jarrah bin Abdullah, gavana wa Khurasan, aliyeandika kuwa watu wa huko hawatengenei ila kwa upanga na mjeledi. Umar akamkadhibisha na kumwambia kuwa wanaotengeneza watu ni uadilifu na haki, basi avieneze.

Ya nne ilitoka Kufa. Mtu alimtukana Umar na gavana akakusudia kumuua. Umar akamjulisha kuwa lau angemuua, naye angemlipizia kisasi kwa damu ya mtu yule. Heshima yake mwenyewe hakuifanya kuwa sababu ya kumwaga damu ya mtu.

Gereza, hasira na sababu za makosa

Aliwaandikia magavana kuhusu wafungwa: wasifungwe minyororo inayowazuia kuswali kwa kusimama, wasilale na pingu isipokuwa mwenye kutakiwa kwa damu, na wapewe chakula chao. Imam Abu Yusuf ameitaja barua hii katika kitabu chake cha Kharaj. Kwa hivyo mfungwa hubaki na Swala yake na tumbo lake, na anachoondolewa ni kile tu ambacho hukumu imemuondolea.

Na imepokelewa kutoka kwa Imam Al-Awza'i kwamba Umar alipotaka kumuadhibu mtu alimzuia siku tatu kwanza, kwa kuchukia kumuadhibu katika mwanzo wa hasira zake. Siku tatu! Sisi wengi wetu hatungoji hata mtoto amalize sentensi.

Pamoja na hayo aliziangalia sababu. Alimwandikia gavana wake wa Iraq awape watu haki zao, kisha mali iliyobaki Baytul-Maal ilipe madeni ya waliokopa bila ya ufujaji, na ikibaki tena waozeshwe vijana wasiokuwa na mahari. Mtawala aliyefanya hivi, akija mtu mbele yake ameiba, anaweza kumuuliza kwa nini. Babu yake Umar bin Al-Khattab alitangulia katika njia hii pale aliposimamisha hadd ya wizi mwaka wa njaa.

Kifo chake

Aliishi katika Ukhalifa miaka miwili na miezi mitano hivi. Mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720 Miladia) alifariki Dayr Sim'an katika ardhi ya Sham, akiwa na umri wa karibu miaka 40. Imepokelewa kuwa alitiwa sumu na mtumishi wake. Alipojua alimwita, akamuuliza kilichompelekea, naye akataja dinari 1,000 na ahadi ya kuachwa huru. Umar akamtaka azilete dinari zile, akaamrisha zitiwe Baytul-Maal, kisha akamwambia aende mahali ambapo hatoonekana na mtu.

Mali ya Yazid hakuisamehe kwa sababu haikuwa yake. Damu yake mwenyewe aliisamehe kwa sababu ilikuwa haki yake. Wengi wetu tunafanya kinyume chake: ya kwetu hatusamehe hata neno, na ya umma tunasema yaishe.

Tunajifunza nini?

Uislamu umeiwekea adhabu sababu zake: kulinda roho, mali na heshima za watu, kumzuia mwenye nia ya kukosa, kumsafisha aliyekosa, na kumrejeshea haki aliyedhulumiwa. Adhabu isiyotimiza lolote katika haya ni kutoa hasira tu, hata ikiitwa jina la dini.

Kwa hivyo wanaomzunguka mtu mtaani kwa kelele ya mwizi na kumpiga, hawatekelezi sheria ya Allah. Huduud na adhabu za jinai ni za mamlaka, baada ya ushahidi. Mwenye kumkuta mwizi nyumbani kwake anaruhusika kujihami kwa kiasi kinachotosha kumzuia, na akishazuiwa hupelekwa kwa wahusika. Kila pigo baada ya hapo mpigaji ataulizwa, na aliyetupa jiwe moja ana sehemu yake. Kijana aliyetuuliza, jawabu letu ni kwamba amtafute yule aliyepigwa amtake radhi, atoe fidia ya alichomuumiza, na atubie kwa Allah.

Na mzazi na mwalimu wakumbuke masharti ya wanavyuoni: kuadabisha kuwe baada ya kufundisha na kuuliza, kusiwe kwa hasira, kusijeruhi wala kuacha alama, na uso usiguswe. Inapotosha nasaha, bakora haina kazi.

Hatusemi haya kwa kuwaangalia wengine tu. Miaka mingi nyuma, tulipokuwa tunaanza kusomesha chuoni, zilipotea pesa za mchango wa busati. Tulimdhania mtoto mmoja kwa sababu nyumbani kwao walikuwa masikini, tukampiga bakora mbele ya wenzake. Siku ya pili pesa zilionekana ndani ya juzuu tuliyoziweka sisi wenyewe. Tulikwenda kwao kuomba radhi, na mama yake alitusamehe. Mtoto hakurudi tena chuoni. Kila tunaposoma habari ya Khubayb tunamkumbuka yeye, ingawa mambo mawili haya hayalingani kwa ukubwa. Tangu siku ile hatujampiga mtoto kwa dhana.

Basi kila mwenye mamlaka juu ya mwenziwe, awe mzazi, mwalimu, mume, askari au hakimu, ajue kuwa adhabu ni amana aliyopewa, na kwamba Siku ya Kiyama yeye na aliyemuadhibu watasimama pamoja. Aliyekosa ataulizwa kosa lake, na aliyeadhibu ataulizwa adhabu yake.

Tunamuomba Allah amrehemu Umar bin Abdul-Aziz, amrehemu Khubayb, atusamehe tuliowadhulumu wengine kwa mikono na ndimi zetu kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu, na atujaalie uadilifu katika nyumba zetu na visiwa vyetu. Aamin.

Wa Allahu A'lam.